Ngoma ya Babu Ndani ya Kompyuta ya Mume Wangu

Ilikuwa Jumanne asubuhi. Niko kwenye daladala natoka Tegeta kuja mjini, nimebanwa dirishani, mkoba mapajani, redio ya dereva inapiga kelele kama kawaida. Likaja tangazo. La bidhaa gani, sitasema, maana wenye bidhaa hawakuwa na kosa lolote. Kilichonishtua ni zile sekunde tatu za mwanzo. Ngoma kubwa, mapigo manne, halafu mtu anaguna. Mguno mfupi, wa kutoka tumboni, kama wa mtu anayetua gunia la pamba.

Mguno ule naujua tangu sijaanza shule. Ni wa babu yangu mzaa mama. Na babu yangu yuko Bariadi, mkoani Simiyu. Hajawahi kukanyaga studio ya aina yoyote, na saa ile bila shaka alikuwa amekaa chini ya mwembe wake anasubiri uji.

Nilishuka kituo kisicho changu. Nikampigia mume wangu, hakupokea. Nikamwandikia: “Nimemsikia Babu redioni.” Tiki mbili za bluu zikatokea. Kimya. Mpenzi msomaji, kama umeolewa au umeoa, unajua kimya cha namna ile kinamaanisha nini.

Nimweleze kwanza huyu bwana, msije mkamchukia bure. Mchana ni mhasibu. Usiku ni prodyuza. Chumba kilichokuwa cha wageni sasa ni studio: kompyuta moja, kinanda kifupi cha vitufe 25, hedifoni, spika mbili, na godoro la zamani limesimamishwa ukutani kuzuia mwangwi. Humo anatengeneza nyimbo za kwaya, muziki wa maharusi kuingilia ukumbini, na muziki wa matangazo. Hela ya usiku ndiyo iliyolipia friji letu. Hiyo friji iwekeni akilini, tutairudia.

Kwa ambao hamyajui mambo haya (na mimi sikuyajua mpaka nilipoolewa nayo), siku hizi mtu anaweza kukutengenezea wimbo wenye violini ishirini, gitaa la besi, piano na ngoma, na nyumbani kwake hakuna hata kimoja kati ya hivyo. Anachotumia ni sampuli. Sampuli ni kipande cha sauti ya kweli kilichorekodiwa kikawekwa tayari kutumiwa upya: pigo moja la ngoma, noti moja ya violini, neno moja la mtu. Kinapachikwa kwenye kitufe cha kinanda, ukibonyeza kinalia. Kinanda chenyewe ni bubu, ni kama swichi ya taa tu. Sauti iko ndani ya kompyuta.

Wazungu walianza zamani. Mwaka 1963, kule Birmingham, Uingereza, kilitoka kinanda kinachoitwa Mellotron. Ndani yake kila kitufe kilikuwa na utepe wake kama wa kaseti. Ukibonyeza unasikia violini halisi kwa sekunde kama nane, kisha utepe unaisha, unaachia unaanza tena. Mwaka 1979 Waaustralia wakaleta Fairlight, kompyuta iliyoweza kumeza sauti yoyote ile. Mbwa akibweka, unambwekesha wimbo mzima. Ilikuwa mashine ya matajiri. Mwaka 1988 Akai wa Japani wakatoa MPC60, ile yenye vitufe vya mpira ambayo watu wa hip hop waliifanya kuwa ngoma yao. Halafu Wajerumani wa Steinberg mwaka 1996 wakaanzisha VST, utaratibu wa kuingiza vifaa vya studio ndani ya programu, na kufikia 1999 hata ala zenyewe zikawa zinaingia humo. Katikati hapo, mwaka 1997, Wabelgiji wakatoa FruityLoops, ambayo leo inaitwa FL Studio. Hiyo ndiyo iliyowalea maprodyuza wengi wa vyumbani hapa Bongo. Ilitufikiaje? Kwenye CD iliyoandikwa jina kwa kalamu ya wino mzito. Wacha niishie hapo.

Mimi sina tatizo na sampuli. Singeli yetu ingekuwa wapi bila sampuli? Maprodyuza kama Sisso wa Mburahati, ambao kazi zao zilitolewa mwaka 2017 na lebo ya Nyege Nyege Tapes ya Kampala, walichukua vipande vifupi vya muziki vinavyojirudia, taarabu ikiwemo, wakavikimbiza mpaka mtu wa Ulaya anashangaa binadamu anachezaje kitu cha kasi hiyo. Tatizo langu lilikuwa moja tu. Mguno ule ni wa babu.

Jioni tukakaa mezani. Chakula kikapoa.

“Si ulikuwepo wakati narekodi?” akaniuliza.

Na kweli nilikuwepo. Sikufichi, hapo ndipo hasira yangu ilipopata mushkeli. Julai ya mwaka uliotangulia tulikwenda Bariadi kwenye harusi ya binamu yangu. Usiku mmoja babu akaitoa ngoma yake kuwachezesha wajukuu. Mume wangu akatoa kinasa sauti chake kidogo, akaanza kumwomba: babu, piga taratibu. Babu, piga wastani. Babu, piga kwa nguvu. Sasa rudia tena, mara nne nne. Babu akapiga, huku akiniangalia kama anayeuliza, mjukuu wangu, huyu uliyeniletea ana akili timamu? Mimi nilikuwa nacheka. Nimeshika tochi ya simu. Nilidhani ni kumbukumbu ya familia.

Nikaja kuelewa baadaye kwa nini alitaka pigo lile lile mara nyingi. Mtu akipiga ngoma, hakuna mapigo mawili yanayofanana. Mkono unapanda juu zaidi, fimbo inatua pembeni kidogo, jasho linaingia. Ukiichukulia sampuli moja ukairudia, masikio yanagundua haraka. Inalia kama bunduki. Kwa hiyo mrekodi makini anachukua pigo moja kwa nguvu tofauti, na kila nguvu mara kadhaa, halafu programu inazizungusha zamu kwa zamu ili msikilizaji adhani kuna mtu. Mume wangu alikuwa anatengeneza babu wa kompyuta. Na katika kupiga, kama kawaida yake, babu akaguna.

“Nilizitafuta sana,” akajitetea. “Ukifungua maktaba za sauti za Afrika unakuta kora, balafoni, djembe. Afrika Magharibi yote imo. Ngoma ya Usukumani sikuiona. Nikajirekodia mwenyewe. Si ni sifa hiyo?”

Hoja yake ina nguvu, siibishi. Watu wa nje hawakutusahau kabisa. Hugh Tracey alizunguka Tanganyika na mashine yake ya kurekodi mwaka 1950. Frank Gunderson, Mmarekani, mwaka 2010 alichapisha kitabu kinene cha nyimbo za kazi za Wasukuma, zaidi ya 300. Lakini kitabu hakilii. Kijana wa Sinza au wa Nairobi anayetaka “ladha ya Afrika” kwenye biti yake anabonyeza kilichopo, na kilichopo kimetoka Mali na Senegali. Ndiyo maana matangazo yetu mengi yanasikika kama yametengenezwa Bamako.

“Lakini hukumwambia utaiuza,” nikasema.

“Sikuuza wimbo wake. Mapigo manne!”

“Na mguno?”

Akanyamaza kidogo. “Mguno ndio uliompendeza mteja.”

Akanitajia na mfano wa *Salome*, ule wa Diamond na Rayvanny wa mwaka 2016, uliotokana na wimbo wa Saida Karoli. Nikamwambia mfano huo unakufunga wewe mwenyewe. Pale hakuna asiyejua kisima kiko wapi. Watoto waliokuwa hawajazaliwa Saida alipovuma walilijua jina lake. Babu yangu nani anamjua? Ukitaja “ngoma ya asili” umeshamfuta. Tena sheria yetu ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 haimwangalii mtunzi peke yake, inamtambua na mtu anayetumbuiza, na ina sehemu yake ya sanaa za jadi. Nilijua hayo kwa sababu niliyasoma ofisini siku nzima ile badala ya kuhariri makala za watu.

Tukanuniana siku sita. Katika siku hizo nikasoma habari ya Gregory Coleman. Huyu alikuwa mpiga ngoma wa bendi ya Marekani iitwayo The Winstons. Mwaka 1969 walirekodi wimbo, na katikati wengine wakaacha kupiga, yeye akabaki peke yake kwa sekunde kama sita. Sekunde hizo sita zimetumiwa na maprodyuza kwenye maelfu ya nyimbo. Kuna aina nzima za muziki Uingereza zimesimama juu ya mkono wake. Coleman alifariki mwaka 2006, na kiongozi wa bendi yake amesema alikufa hana kitu, hana pa kuishi. Hakulipwa kwa hizo sekunde. Mwaka 2015 mashabiki waliona aibu wakachanga pauni 24,000 wakampa kiongozi huyo wa bendi, Richard Spencer. Mwenye mkono alikuwa ameshazikwa miaka tisa.

Usiku wa siku ya sita nilimweka mume wangu chini nikamsomea. Akasikiliza mpaka mwisho, akasema, “Twende Bariadi.”

Tulikwenda mwezi wa sita. Ndege mpaka Mwanza, kisha gari: Magu, Lamadi, hapo unaiacha barabara ya Musoma unakunja kulia kuelekea Bariadi. Ni wakati wa pamba. Kandokando ya barabara mabonge meupe yamenasa kwenye majani kama kuna mtu amechana mto. Simiyu imekuwa mkoa tangu 2012, ina wilaya zake tano na makao makuu hapo Bariadi mjini, lakini mama yangu mpaka leo akiulizwa kwao anasema Shinyanga, na babu vilevile. Nyumbani ni upande wa Dutwa.

Msimu huo ndio wa ngoma pia. Watu wameuza pamba, wana hela na nafasi. Kwa asiyejua, Usukumani ngoma ni ushindani wa kweli. Kuna Bagika na Bagalu, vyama viwili vilivyotokana na waganga wawili mahasimu wa karne ya 19, Ngika na Gumha. Makundi mawili yanacheza kwa wakati mmoja, huku na huku, na mshindi ni yule aliyevuta watu wengi. Hakuna majaji wenye karatasi. Watu wanakukimbia au wanakukimbilia, basi. Dawa za kuvuta watazamaji zinatumika, nyoka wanatumika, na watu wa bugobogobo wanarusha majembe juu na kuyadaka. Babu alikuwa mpiga ngoma wa kundi la bugobogobo, wale waliokuwa wakienda kulima mashamba ya watu kwa mdundo, ngoma inatangulia, majembe yanafuata. Kwa hiyo mtu huyu kazi yake ilikuwa kufanya mikono ya watu thelathini isichoke. Anajua mdundo ni wa nini. Mwaka 2018, maonyesho ya kitaifa ya Nane Nane yalipofanyika Nyakabindi, alikwenda kutazama, akarudi analalamika kwamba spika zilikuwa kubwa kuliko wachezaji.

Tulibeba sukari, majani ya chai, blanketi na tumbaku. Lakini kwetu ukimkosea mzee huendi kumwambia wewe mwenyewe kavukavu. Mjomba ndiye aliyelifungua jambo, jioni, kwenye shikome, pale wanaume wanapoota moto. Kwa kawaida wanawake hatukai pale. Babu akasema kesi hii bila mke wake mdogo haiendi, yaani mimi, nikasogezewa kigoda. Tulikuwa tumeshakula ugali wa mtama na nsansa, na matobolwa yalikuwa yanazunguka kwenye ungo.

Mume wangu akafungua kompyuta, akaunganisha spika ndogo. Tangazo likalia. Mapigo manne, mguno, halafu msichana anaanza kusifia bidhaa kwa Kiswahili cha Masaki.

Babu akasema, “Rudia.”

Akarudia.

“Wewe kijana,” babu akasema, “mke wangu umeninyang'anya, nikanyamaza. Sasa na ngoma?”

Wazee wakacheka. Huo ni utani wa babu na mume wa mjukuu, una haki zote. Mume wangu akapumua kidogo, akadhani imepita. Wapi.

“Huyu wa pili anayeitikia ni nani?”

“Ni wewe, babu. Nimekurudia, nikakushusha kidogo.” Akaeleza kwamba ukiishusha sauti inakuwa nzito, ngoma ndogo inakuwa kubwa, kama kaseti betri zikikaribia kuisha.

“Kwa hiyo najijibu mwenyewe.” Babu akatikisa kichwa. Akaeleza, kwa utulivu kabisa, kwamba ngoma ya pili kazi yake ni kuibishia ya kwanza. Mtu akijijibu mwenyewe hiyo si ngoma, huyo anaumwa. Kisha akasema jambo lililomuuma mume wangu kuliko kesi yenyewe. Usiku ule wa kurekodi, ngozi ilikuwa na baridi. Umande ulikuwa umeshashuka na hakuna aliyeiota ngoma motoni. Ngozi isipopata moto inalegea, inatoa sauti ya kitu kilichovaa nguo mbichi. “Umewauzia watu ngoma yenye baridi, na jina langu limo.”

“Jina lako halimo, babu,” mjomba akasema.

“Mguno wangu umo.”

Hapo sauti yake ikabadilika. Akasema ule mguno hata si wake. Ni wa mwenzake aliyekuwa akipiga ngoma kubwa kwenye kundi lao, marehemu sasa. Ulikuwa alama: wachezaji wakiusikia wanageuza majembe. Mzee yule alipoacha kupiga, babu akaurithi. “Niliuomba,” akasema. “Nikamlimia siku mbili.”

Hakuna aliyesema kitu. Moto ukalia. Halafu akauliza swali nililokuwa naliogopa kwa niaba ya mume wangu, nisijue kwamba ningepaswa kuliogopa kwa niaba yangu.

“Walikulipa shilingi ngapi?”

Mume wangu akaniangalia, akaangalia moto. “Milioni moja na laki mbili, babu.”

Mimi aliniambia laki nane.

Nilitabasamu mbele ya wazee mpaka mashavu yakauma. Usiku, chumbani, chini ya chandarua, nikamuuliza kwa sauti ya chini maana ukuta wa pili analala bibi: laki nne iko wapi? Nilikuwa nimeshafikiria kila kitu ambacho mwanamke anakifikiria. Akasema ilinunua violini.

“Violini?”

Maktaba ya violini za kompyuta, kutoka Uingereza. Aliogopa kuniambia kwa sababu mwezi ule tulikuwa tunadaiwa kodi ya nyumba. Zile maktaba za orkestra, akaniambia kama vile anajitetea, ni kazi kubwa sana. Kampuni kama Spitfire Audio ya London, iliyoanzishwa na watunzi wawili mwaka 2007, wanawaweka wanamuziki ukumbini, wanarekodi noti moja moja, upinde taratibu, upinde kwa nguvu, siku baada ya siku. Wapigaji wanalipwa, wanasaini mkataba. Ndiyo maana ukinunua unakuwa na leseni, huwezi kushtakiwa…

Akasikia mwenyewe alichokisema. Niliona kwenye giza lile lile. Hela ya ngoma ya babu ilikuwa imekwenda kulipia leseni ya watu waliosaini. Babu alipewa kilo mbili za sukari, tena za harusi, zingekuja tu.

Sikumjibu. Niligeukia ukutani nikalala, au nikajifanya.

Asubuhi hukumu ikatoka. Mbuzi mmoja, na siku mbili za kuchuma pamba. Mume wangu alidhani ya pamba ni utani. Jamani, mmeshawahi kumwona mhasibu wa Dar anachuma pamba? Lile ganda likikauka linakuwa na ncha kama sindano. Mwenye kujua anapitisha vidole katikati anavuta pamba safi bila kugusa ncha. Yeye alikuwa anakumbatia tumba zima. Jioni ya kwanza mikono imechanikachanika na kikapu hakijai, bibi akamwonea huruma akampaka samli. Siku ya pili nikaenda kumsaidia. Hatukuzungumzia laki nne. Tulichuma mistari miwili inayokaribiana, na ikifika mwisho wa mstari ananisubiri.

Siku ya tatu ndiyo wakarekodi upya. Safari hii ulikokwa moto wa mabua, ngoma zikaegeshwa kuuzunguka, babu akawa anazigonga kwa kidole na kusogeza masikio, hii bado, hii tayari, hii itoe haraka itapasuka. Walikuja wenzake watatu na njuga zao. Mume wangu akaanza tena: babu, naomba pigo moja moja kwanza.

“Ngoma haipigwi moja moja kama mtu anabisha hodi,” babu akasema. “Kwanza tupige. Ukitaka makombo, utakusanya baadaye.”

Wakapiga kama dakika arobaini. Bodaboda mmoja alipita, jogoo akawika mara mbili, watoto wakaja kutoka sijui wapi. Jirani mmoja, mama wa makamo, aliweka ndoo chini akacheza, akaichukua akaendelea na safari yake. Mume wangu alivua hedifoni katikati akaziacha shingoni. Baada ya hapo ndipo babu akakubali kutoa pigo moja moja, ngozi ingali ya moto, na wenzake kila mmoja yake. Niliyasikiliza yale mapigo baadaye na ya mwaka uliopita, moja baada ya jingine. Hayahitaji kuelezwa. La kwanza linagonga, la pili linaita.

Mkataba uliandikwa kwenye karatasi ya daftari la shule la binamu yangu. Majina manne ya wapigaji, kila anayetaka kutumia sauti hizo ayataje. Kila kazi ikilipwa, nusu inakwenda kwa hao wanne, kwa M-Pesa ya mjomba. Mguno haumo kwenye sauti za kuuzwa hovyo. Anayeutaka anaulizia, na babu anaamua. Mume wangu akajaribu kusema kwamba sokoni mguno ndio unaopendwa zaidi. Babu akasema ndiyo maana. Wawili walisaini, wawili waliweka dole gumba. Mbuzi akachinjwa.

La tangazo lile la zamani, alimlipa babu laki sita pale pale, nusu ya milioni na laki mbili, na kwa kuwa hakuwa nayo, mkopaji wake nilikuwa mimi. Kwa hiyo sasa ananidai ukweli na mimi namdai hela, na kila mwisho wa mwezi ananipa elfu hamsini kwenye bahasha kama mpangaji. Violini za Kiingereza bado zipo. Wiki iliyopita alizitumia kwenye wimbo wa harusi, na zilipendeza, siwezi kusema uongo. Kuna usiku bado nikisikia friji linaguruma jikoni nakumbuka takwimu mbili tofauti, nanyamaza mpaka anauliza nina nini. Ninamwambia. Hilo limebadilika, siku hizi ninamwambia.

Jumapili mjomba alipiga simu, akampa babu.

“Ngoma zangu zimeshapata kazi?”

“Moja, babu. Filamu fupi ya wanafunzi. Hawana hela nyingi.”

“Wametaja majina?”

“Wote wanne, mwishoni kabisa, kwa maandishi madogo.”

Akanyamaza kidogo, nikasikia mbuzi nyuma yake.

“Mwambie mume mwenzangu,” akasema, “mguno umepanda bei.”